Nambari bila kizio ni hatari nyumbani

UKIULIZWA leo sukari katika damu yako ni ngapi, huenda ukajibu upesi, "Saba," au "Mia moja ishirini." Lakini ukiulizwa saba nini, au mia moja ishirini nini, yaelekea utanyamaza. Hauko peke yako. Katika mtaa huu wa Ziwani ninakofanyia kazi, na katika mitaa jirani ya Starehe, Kariokor na Shauri Moyo, watu hukariri nambari za afya yao kama wanavyokariri nambari za nyumba. Lile neno dogo linalofuata nambari, ambalo kwenye vitabu vya shule huitwa kizio, huachwa kwenye karatasi ya maabara.

Maoni yangu ni kwamba kuliacha neno hilo ni hatari, na kwamba lawama haifai kumwendea mgonjwa peke yake. Sisi madaktari, wauguzi, wenye maduka ya dawa na wanaotengeneza dawa tumewazoesha watu nambari zilizo uchi. Yafaa tubadilike. Nawe msomaji, wakati ukingoja sisi tubadilike, yafaa ujue hesabu chache zitakazokukinga wewe na watoto wako.

CHAI ILIYOKOLEA

Tuanze jikoni. Ukiweka vijiko viwili vya sukari katika kikombe, chai hukolea. Ukimimina chai hiyo katika birika lililojaa maji, sukari ni ile ile lakini utamu umepotea. Kilichobadilika ni ukolezi, yaani kiasi cha kitu kikilinganishwa na maji kilimoyeyuka. Dawa ya maji, damu yako, maji ya kunywa na dawa ya kufulia nguo vyote vina ukolezi wake, na ukolezi huo ndio huamua iwapo kitu kitaponya, kitaua au hakitafanya lolote.

Taabu ni kwamba ukolezi mmoja huweza kuandikwa kwa njia nyingi. Chukua yale maji ya chumvi ambayo mgonjwa hutundikiwa hospitalini. Chupa imeandikwa asilimia 0.9. Maana yake ni gramu 0.9 za chumvi katika kila mililita 100, ambazo ni gramu 9 katika lita moja, ambazo ni miligramu 9 katika kila mililita. Mwanakemia naye atakuambia ni milimoli 154 kwa lita. Nambari hizo nne zinazungumzia chupa ile ile moja. Mtu anayesikia 0.9 hapa na 154 kule bila kizio atadhani ni vitu viwili visivyojuana.

Kanuni moja ya kubeba kichwani ni hii: asilimia moja ni gramu moja katika mililita 100, nayo ni sawa na miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo ukiona asilimia mbili, soma miligramu 20 kwa mililita. Ukiona asilimia 50, kama ile sukari ya kudunga tunayompa mgonjwa aliyezimia kwa kupungukiwa sukari, soma miligramu 500.

KUHESABU NA KUPIMA UZANI

Hiyo moli ni nini? Waliosoma kemia katika mfumo wa 8-4-4 walikutana nayo kidato cha tatu, na wengi waliiaga siku ya mtihani. Nenda sokoni Gikomba ununue kilo moja ya maembe na kilo moja ya maharagwe. Uzani ni sawa, lakini maembe utayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na maharagwe huwezi kuyamaliza kuyahesabu kabla ya jua kutua. Moli ni njia ya kuhesabu chembe badala ya kupima uzani wake. Chembe za glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, ni nzito: moli moja ina gramu 180. Chumvi ya jikoni ni nyepesi zaidi: moli moja ina gramu 58.5. Milimoli ni sehemu moja ya elfu ya moli.

Mwili hujali hesabu ya chembe kuliko uzani. Ndiyo sababu mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliyashauri mataifa yatumie vizio vya kimataifa katika tiba, na nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zikazoea kuandika sukari ya damu kwa milimoli kwa lita. Marekani haikubadilika. Huko hadi leo wanapima kwa miligramu katika mililita 100. Hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapoingia nyumbani mwetu.

SUKARI YA DAMU

Mtoto aliye ughaibuni anamhurumia mama yake aliyebaki Ziwani, anamnunulia mashine ya kupimia sukari na kuituma kwa ndugu anayerudi nyumbani. Ni zawadi njema. Lakini mama alikuwa ameambiwa kliniki kwamba sukari yake kabla ya kula isizidi 7. Asubuhi ya kwanza mashine mpya inamwonyesha 118. Mama anapiga mayowe. Anaruka kiamshakinywa, au anajidunga insulini maradufu. Ilhali 118 kwa kipimo cha Marekani ni 6.6 kwa kipimo chetu, na alikuwa salama kabisa. Hatari yake sasa ni ile insulini aliyoongeza, kwani sukari ikishuka kupita kiasi ubongo hukosa chakula, na mtu aweza kuzimia na kufa kabla jua halijachomoza vizuri.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa kuwa moli moja ya glukosi ina gramu 180, milimoli moja katika lita ni sawa na miligramu 18 katika mililita 100. Basi kutoka kipimo chetu kwenda cha Marekani, zidisha kwa 18. Kutoka chao kuja chetu, gawanya kwa 18. Nambari za kukariri ni chache. Chini ya 4 (takriban 70 kwao) ni sukari iliyoshuka: kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, ngoja dakika 15, kisha pima tena. Chini ya 5.6 (100 kwao) kabla ya kula ni kawaida. Kuanzia 7.0 (126) kabla ya kula ni kiwango cha kisukari, nayo maabara huthibitisha kwa kupima tena. Kuanzia 11.1 (200) wakati wowote, ukiwa na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, ni kisukari.

Ipo dalili ya kukusaidia hata usipoona maandishi vizuri. Mashine ya milimoli huonyesha nukta, kama 6.4 au 11.0. Mashine ya miligramu haina nukta, huonyesha 115 au 198. Na ikiandika HI, usidhani inakusalimu! Inasema sukari imepanda kuliko inavyoweza kupima, ambako kwa mashine nyingi ni kupita 33.3, yaani 600 kwa kipimo cha Marekani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ili upate picha ya mambo yenyewe, fikiria hivi. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Sukari ikiwa 5, ni miligramu 90 katika kila mililita 100, na katika damu yote ni gramu 4.5. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kwa mwili mzima. Ikifika 11.1 ni gramu 10, vijiko viwili hivi. Tofauti kati ya mtu mzima wa afya na mgonjwa wa kisukari, ukiitazama katika damu, ni kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo usidharau nambari ndogo.

Onyo moja: 18 ni ya sukari pekee, kwa sababu kila kitu kina uzito wake wa moli. Kolesteroli hugawanywa kwa 38.7, na kreatinini, inayopima kazi ya figo, huzidishwa kwa 88.4 kupata mikromoli kwa lita. Na kile kipimo cha miezi mitatu cha kisukari kina vizio vyake viwili pia: asilimia 6.5 ni sawa na 48 kwa kizio kipya, na asilimia 7 ni sawa na 53. Mgonjwa aliyeambiwa "una 7" mwaka huu na "una 53" mwaka ujao hajaongezeka ugonjwa hata kidogo.

MAJI YA CHUMVI NA SUKARI

Sasa tuje kwa watoto, maana kwao kosa la ukolezi halisamehe. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi. Ukimpa maji matupu, chumvi haipo. Wataalamu waligundua kwamba katika utumbo, sukari na chumvi husaidiana kuingia mwilini, nayo maji huzifuata. Ugunduzi huo ulijaribiwa kwa wagonjwa wa kipindupindu huko Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliutumia katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India. Maji ya kutundika yalipokwisha, alifunga chumvi na glukosi katika mifuko ya plastiki, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu mtu 1 kati ya kila 3 vikashuka hadi chini ya 4 kwa 100.

Fomula inayotumika sasa, iliyopitishwa mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya jikoni katika lita moja, pamoja na chumvi nyingine mbili. Ukitazama gramu utaona sukari imeizidi chumvi mara tano. Lakini hesabu kwa moli: gramu 13.5 ukigawanya kwa 180 ni milimoli 75 za glukosi. Sodiamu yote iliyomo, ya chumvi ya jikoni na ya ile ya sitrati, nayo ni milimoli 75. Ziko sawa, na zimepangwa hivyo kwa makusudi. Waliobuni dawa hii walihesabu chembe, hawakupima uzani tu.

Mpango huo hudumu pale tu maji yanapopimwa sawasawa. Pakiti nyingi zinazotolewa hapa Kenya ni za kuchanganywa na nusu lita, na nyingine ni za lita nzima. Soma pakiti. Ukiimwaga pakiti ya nusu lita katika chupa ya soda ya mililita 300, sodiamu inapanda kutoka 75 hadi 125. Ukiimwaga katika glasi moja ya mililita 250, inafika 150, ambayo ni zaidi ya chumvi iliyo katika damu yenyewe, kwani damu huwa na 135 hadi 145. Badala ya maji kuingia kwa mtoto, chumvi hiyo itayavuta maji kutoka katika chembe za mwili wake, na za ubongo pia. Mtoto atalia kwa kiu, atapata degedege, na jirani atasema amerogwa.

Kosa la pili hutokana na umaskini. Mama hugawa pakiti moja mara mbili kwa kukisia, ili nyingine iwe akiba. Nusu ya kwanza huwa kali, ya pili huwa maji matupu. Mama, usigawe. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, ijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina pakiti yote, tikisa. Itumie kwa saa 24 tu, kisha mwaga iliyobaki na utengeneze nyingine. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, kidogo kidogo kwa kijiko. Wa zaidi ya hapo, mililita 100 hadi 200. Mwambie muuguzi akupe pia vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa bila kukatiza kwa siku 10 hadi 14.

Kama pakiti haipo kabisa usiku huo, chukua lita moja kamili ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu, visivyofura. Onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Kijiko kimoja kizima cha chumvi kina gramu 6 hivi. Anayekitia katika nusu lita amefanya ukolezi wa gramu 12 kwa lita, yaani milimoli 205 za sodiamu. Hayo humnyonya mtoto maji aliyobakiwa nayo.

DAWA YA HOMA

Mtoto ana joto, baba anatumwa dukani. Anarudi na chupa ya parasetamoli. Mama anauliza, "Ni kijiko kimoja?" Baba anajibu, "Kama ile nyingine." Jibu hilo laweza kumwua mtoto, kwa maana ile nyingine huenda ilikuwa na nguvu tofauti.

Katika maduka ya dawa kuna chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5. Kuna yenye miligramu 250 katika mililita 5. Na kuna kile kichupa kidogo cha matone ya watoto wachanga, chenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Ziweke zote katika kizio kimoja ndipo uone: ya kwanza ina miligramu 24 kwa mililita, ya pili 50, ya tatu 100. Kile kichupa kidogo, ambacho watu hudhani ni dawa hafifu kwa kuwa ni cha mtoto mchanga, ndicho kikali kuliko vyote. Kina nguvu mara nne ya ile ya kwanza.

Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Mililita 5 za chupa ya kwanza zinampa 120, na hapo ni sawa. Mililita 5 za chupa ya pili zinampa 250. Mililita 5 za matone zinampa 500. Akipewa hizo mara nne, ni miligramu 2,000 kwa siku moja kwa mtoto wa kilo 10, na ini lake laweza kuharibika kabisa. Ubaya wa sumu hii ni kwamba siku ya kwanza mtoto huonekana anaendelea vizuri. Dalili za ini huja baadaye, wakati dawa ya kuizima sumu imeanza kupoteza nguvu zake. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, usingoje aanze kutapika. Chukua chupa na mtoto, nenda hospitali.

Hili si la Kenya peke yake. Marekani walikuwa na tatizo lilo hilo: matone makali ya wachanga na dawa hafifu ya watoto wakubwa, na wazazi wakizichanganya. Mwaka 2011 watengenezaji wa huko waliamua kuyaondoa yale matone makali na kubaki na ukolezi mmoja wa miligramu 160 katika mililita 5. Wazazi waliachwa na jambo moja tu la kukumbuka. Nauliza, kwa nini sisi tusifanye vivyo hivyo?

Na kile kijiko? Kijiko cha dawa ni mililita 5. Vijiko vya chai vya nyumbani kwetu havilingani; kimoja hubeba nusu ya hapo na kingine hupita. Sirinji ya plastiki isiyo na sindano ni bei nafuu, na mistari yake haidanganyi. Itumie.

DAWA YA KLORINI

Kipindupindu kimetutembelea Nairobi mara kwa mara. Tulikiona mwaka 2015, tukakiona 2017, na tangu Oktoba 2022 kikaenea tena nchini hadi mwaka uliofuata. Kila kinapokuja, tunawaambia watu watumie klorini, nao humimina ile dawa ya kufulia nguo nyeupe kwa kukisia.

Tazama chupa. Tuseme imeandikwa asilimia 3.5. Kwa kupangusia choo au sakafu iliyomwagikiwa na matapishi au kinyesi cha mgonjwa, unahitaji asilimia 0.5. Gawanya ulicho nacho kwa unachotaka, kisha ondoa moja: 3.5 kwa 0.5 ni 7, ukiondoa moja ni 6. Kwa hiyo kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, ni kikombe kimoja kwa tisa. Anayekariri "kimoja kwa sita" bila kusoma chupa atakosea siku atakapobadilisha aina. Kwa kunawa mikono ni asilimia 0.05, ambayo ni hafifu mara kumi.

Sasa linganisha na maji ya kunywa. Asilimia 0.5 ni miligramu 5,000 za klorini kwa lita. Katika maji ya kunywa, klorini inayobaki baada ya kuua viini inafaa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Maji ya kupangusia choo ni makali mara elfu kumi na zaidi! Mililita moja tu ya dawa ya asilimia 3.5 ina miligramu 35, na ukiitia katika mtungi wa lita 20 inatoa karibu miligramu 2 kwa kila lita. Kifuniko kizima kwa mtungi ni kupita kiasi. Kwa maji ya kunywa tumia dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ukifuata maandishi yake, kwani dawa nyingine za nguo hutiwa manukato. Kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu. Wala usiihifadhi katika chupa ya soda mahali mtoto anapofika.

MENGINE MAWILI

Wanaokwenda India kutibiwa wakumbuke kwamba huko bado kuna insulini ya uniti 40 kwa mililita, ilhali yetu ni ya uniti 100. Sirinji ya kila aina ina mistari yake. Ukijaza insulini ya 100 katika sirinji ya 40, umejidunga mara mbili na nusu ya kiasi ulichoambiwa. Ukirudi, acha sirinji za huko huko huko.

Na wanaonunua maji ya visima vya kuchimbwa kwa mashine, yaulizeni kipimo cha floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi hupita hapo. Karatasi ya maabara huenda ikaandika sehemu kwa milioni; kwa maji, sehemu moja kwa milioni ni miligramu moja kwa lita. Usishtuke ukiona dawa ya meno imeandikwa 1,450. Hiyo hutemwa, maji humezwa, na mtoto anayemeza floridi nyingi wakati meno yanakua hubaki na madoa ya kahawia maisha yake yote.

TUNALOTAKA LIFANYWE

Wapo watakaosema hesabu hizi ni za daktari, na kwamba mwananchi asibebeshwe mzigo. Nawajibu kwamba dawa ya kuharisha haichanganywi na daktari. Inachanganywa saa nane za usiku katika chumba kimoja, stima ikiwa imepotea, na mama ambaye hajalala siku mbili. Mzigo tayari anao. Tunachoweza kufanya ni kuupunguza.

Kwanza, Bodi ya Dawa na Sumu ichague ukolezi mmoja wa parasetamoli ya watoto na kuyaondoa madukani matone makali, au angalau iamuru yaandikwe kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili kwamba ni makali mara nne. Pili, kila chupa ya dawa ya mtoto iuzwe na sirinji yake, na muuzaji aandike mililita, si "kijiko". Tatu, pakiti za maji ya chumvi zote ziwe za kipimo kimoja, na zichorwe picha ya chupa ya kuchanganyia. Nne, maabara na kliniki ziache kutoa nambari uchi. Ikiwa ni 7, iandikwe ni 7 milimoli kwa lita, na mgonjwa aambiwe hivyo kwa mdomo. Tano, walimu wa kemia wachukue chupa hizi wazipeleke darasani. Mwanafunzi aliyegeuza asilimia kuwa miligramu kwa kutumia dawa ya mdogo wake hataisahau hesabu hiyo baada ya mtihani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine mpya wala mkopo kutoka ng'ambo. Yanahitaji wino na uamuzi.

Nawe msomaji, jioni ya leo fungua kabati la dawa. Toa kila chupa, soma kilichoandikwa baada ya nambari, kisha chukua kalamu uandike kwenye karatasi: kila mililita ina miligramu ngapi. Bandika karatasi hiyo kwenye chupa. Mashine yako ya sukari nayo, ibandike kizio chake mgongoni. Usiku mtoto atakapopatwa na homa hutakuwa na wakati wa kupiga hesabu.